Ukuta Tuliouvunja Mlandege

Mmeniomba niandike kumbukumbu za miaka yangu ya kufundisha usanifu wa ndani ya nyumba, na mfano mkanipa: za yule mwenzetu aliyetangulia kustaafu, zimejaa shukrani mpaka zinanata. Mimi shukrani zangu ni chache. Nina hasira, na kwa kuwa sasa hakuna wa kuniita ofisini kunionya, nitaiandika kama ilivyo. Nyinyi mlioajiriwa juzi someni kwa makini, maana penseli mmeishika nyinyi.

Siku yangu ya kwanza chuoni nilivaa viatu vya kisigino. Nilidhani mwalimu wa usanifu husimama mbele ya ubao, akanukia vizuri. Bi Nuru, aliyekuwa mkuu wa somo letu wakati huo, alinitazama miguuni akasema, "Hivyo vya harusini, mwanangu. Vua." Asubuhi hiyo hiyo alitupeleka Mji Mkongwe kupima nyumba, mimi na wanafunzi pamoja, na nilipanda zile ngazi zao zilizosimama wima peku peku, nimeshika futi kamba kwa meno. Alitufundisha kwamba ukuta wa mawe na chokaa haukunyooka hata siku moja. Pima chini, pima usawa wa kiuno, pima juu ya kichwa, kisha usiamini hata kipimo kimoja mpaka uvute kamba kutoka pembe hadi pembe. Wale waliopima mara moja tu walirudi wiki ya pili na kabati lisiloingia ukutani, na Bi Nuru aliwaacha walibebe wenyewe kulirudisha.

Tulichora kwa kalamu ya wino kwenye karatasi nyembamba ya kupitisha mwanga. Ukikosea, unachukua wembe unakwangua wino pole pole, na ukikwangua kwa hasira unatoboa karatasi, kazi ya siku mbili inakwenda na maji. Siku hizi mnafuta kwa kidole kimoja na hakuna anayejua mlikosea wapi. Siichukii kompyuta. Nachukia uso wa mtu aliyechora nyumba nzima bila kuingia ndani yake.

Maana Bi Nuru alikuwa na utaratibu wake, nami niliufuata mpaka siku waliponizuia. Kabla mwanafunzi hajachora mstari mmoja, alitakiwa akakae katika nyumba ile kutwa nzima, toka chai ya asubuhi mpaka Maghribi. Hapimi, hapigi picha. Anakaa tu na wenyewe. Akirudi anachora kitu tulichokiita mchoro wa hodi. Mwanamme kapiga hodi mlangoni: nani anainuka? Nani anaingia ndani, kwa mlango gani? Aliyekuwa jikoni kavaa kanga moja anapita wapi asionekane? Mgeni akiinua macho pale alipokaribishwa kukaa, anaona nini? Njia ya kila mtu unaichora kwa rangi yake. Zikikatana pasipostahili, huna nyumba, una uwanja wa mpira. Wanafunzi walikuwa wakilalamika kwamba mchoro wa hodi ni mgumu kuliko hesabu, na walikuwa wakisema kweli.

Bi Nuru alifariki, Mungu amrehemu, nikabaki na somo lake. Kisha akaja Mwalimu Fadhili kuwa mkuu wa idara. Sitamsingizia. Ana mkono, akichora kiti unataka kukikalia. Alikuwa akinisalimia kila asubuhi kwa heshima zote, "Shikamoo Bi Tatu," nami namwitikia marahaba. Lakini muhula wake wa kwanza haukwisha kabla hajaufuta mchoro wa hodi kwenye mtaala. Nilimwendea ofisini kwake kumuuliza kwa nini.

"Hoteli haina hodi, Bi Tatu," alinijibu, anatabasamu. "Mgeni ana kadi ya mlango."

"Na sisi tunaishi hotelini?"

"Vijana wetu watapata kazi hotelini. Watu wa nyumbani hawaajiri msanifu."

Nilitoka mle ofisini bila kuaga. Neno lake lilikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Tukaanza kufundisha vyumba vya wageni: kitanda katikati, bafu la kioo, pazia la hariri linaloonyesha mpaka ndani. Mtoto wa Mwanakwerekwe aliyelala chumba kimoja na ndugu zake wanne anapewa alama kwa kupanga mahali pa kuweka chupa za mvinyo.

Kulikuwa na mradi mmoja tu uliobaki wa nyumba ya watu, nao ni ule wa mwaka wa mwisho, tulioita nyumba ya mfano. Chuo kinachagua familia moja, wauza rangi na vigae wanachangia vifaa, mwanafunzi bora anaisanifu upya kwa ndani. Mwaka huo ilichaguliwa nyumba ya Mlandege, ghorofa moja juu ya duka la vyombo. Waliokaa mle ni Mzee Kombo, fundi saa, mkewe Bi Mwanajuma, mtoto wao wa kiume aliyekuwa kazini melini siku nyingi, na mke wa mtoto huyo, Sabra. Mwanafunzi alikuwa Rahma, msichana mkimya mwenye tabia ya kutafuna ncha ya penseli.

Mimi nilimwambia Rahma, nje ya mtaala, akakae kutwa. Akakaa. Akarudi na mchoro safi kabisa. Ukipanda ngazi unafika ukumbini, na kati ya ukumbi na nyuma ya nyumba, yaani jikoni, msalani na chumba cha Bi Mwanajuma, palikuwa na ukuta wa zamani wenye mlango mmoja. Rahma aliuacha ukuta ule, akautoboa madirisha madogo juu kabisa, karibu na boriti, upepo upite. Mwalimu Fadhili aliuwekea mchoro ule kidole.

"Ukuta huu unafanya kazi gani?"

"Unasitiri, mwalimu."

"Unasitiri nini? Si watu wa nyumba moja hawa?"

Akaupiga mstari. Na chumba cha Bi Mwanajuma, kwa sababu ukuta wake wa mbele ulikuwa ukila mwanga, akakichorea badala yake mbao nyembamba zilizosimama, kila moja imeachana na mwenzake nafasi ya vidole viwili. Kikaoni nilisema nyumba hii haitakalika siku ya msiba. Mmoja akacheka, akasema Bi Tatu anasanifu makaburi. Nakumbuka ni nani, na yeye anajijua.

Nisiseme kwamba wenye nyumba walilazimishwa. Sabra alifurahi mno. Simuni mwake zilijaa picha za majiko yasiyo na ukuta, akipika huku anatazama televisheni. Mzee Kombo alisema mradi mkewe apate upepo. Bi Mwanajuma alipoulizwa alijibu, "Mimi mtu wa humu humu, fanyeni mpendavyo." Ukuta ukavunjwa. Na nyumba ilipendeza, wallahi ilipendeza. Ukifika kileleni mwa ngazi unaiona yote mpaka dirisha la nyuma, nyeupe, imejaa mwanga. Ikapigwa picha, ikabandikwa kwenye ukuta wa mapokezi chuoni.

Miezi michache baadaye Mzee Kombo aliinamia saa ya mtu pale barazani kwake Darajani, hakuinuka tena.

Baada ya maziko nilikwenda kumpa mkono Bi Mwanajuma. Nilipofika juu ya ngazi nilisimama, sikujua niingie wapi. Walikuwa wamefunga kamba toka dirisha hili hadi msumari ule, wakaanika kanga na mashuka, na feni la darini lilikuwa likiyapeperusha. Kila mara mwanamme akipiga hodi chini, amekuja kumpa pole mtoto wa marehemu, aliyerudi toka melini kwa msiba, wanawake waliruka wakashika pembe za mashuka kwa mikono, wakasimama hivyo hivyo mpaka aondoke. Bi Mwanajuma, kizuka, yaani mjane aliye edani, wa siku tatu, alikuwa kajikunyata pembeni mwa kitanda, kageukia ukutani, maana mbao za chumba chake zilimwonyesha vipande vipande.

Nilikaa naye. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Nikamtilia maji kwenye glasi, akailowesha midomo tu, akanirudishia.

"Kunywa, bi. Joto hili."

"Sinywi, Bi Tatu. Nkinywa ntataka kwenda msalani. Na wanaume wamo ukumbini."

"Toka asubuhi hujanywa?"

"Nnakunywa wakishuka wote. Baada ya Isha hivi."

Dada yake aliyekuja kutoka Mangapwani alikuwa akimsihi ahamie kwake shamba, kuna ua mkubwa na chumba cha peke yake. Bi Mwanajuma alimkatiza. "Kombo kanioa kaniweka hapa. Eda yake nnakaa hapa, sendi kwa mtu." Mnajua nyote eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na anatakiwa aikae katika nyumba ya mumewe. Mwanamke huyu hakuwa akiomba kitu cha ajabu. Alitaka kumkalia mumewe eda nyumbani kwake na kunywa maji. Sisi, chuo cha usanifu, tulimnyima vyote viwili, na tukajipiga picha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Fadhili. Nilimweleza kila kitu, hata la maji. Alisikitika, kweli alisikitika, akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Lakini pale tusiguse kitu, Bi Tatu. Mwezi ujao wafadhili wanakuja kuiona. Tutampelekea pazia zuri." Pazia! Kama vile walichokosa mle ndani ni kitambaa.

Rahma ndiye aliyefanya la maana, na hakuniuliza. Jumamosi alinipigia simu: "Mwalimu, una nafasi? Njoo unishikie upande mmoja." Nilimkuta Mlandege na binamu yake seremala, mbao zimeegeshwa kwenye ngazi na plaiwudi zimelala barazani. Tukasimamisha fremu pale pale ulipokuwa ukuta wa zamani, tukagongea plaiwudi pande zote mbili, tukaiwekea mlango. Rahma aliifunga kwa skrubu badala ya misumari, maana aliiahidi familia kwamba eda ikimalizika atakuja kuifungua na kuirudisha nyumba yao ilivyokuwa. Sabra alisimama jikoni mikono kiunoni, anaangalia jiko lake linavyotiwa gizani. Bi Mwanajuma alikuwa nyuma. Mlango ulipofungwa kwa mara ya kwanza, nilisikia mtungi ukifunuliwa na kata ikizama, kisha ikazama tena. Nilishuka chini nikaenda kulia dukani kwa watu, baina ya masufuria.

Sasa naja kwenye siku ya wafadhili. Mimi nilikuwa nimekwenda kumwona mjane, Rahma naye yupo. Ikapigwa hodi, akapanda Mwalimu Fadhili peke yake. Wageni wake aliwaacha chini na kamera zao. Alipoiona ile plaiwudi alisimama kama aliyekuta gari imeegeshwa sebuleni.

"Rahma, fungua skrubu hizo. Nusu saa tu, wakishaona mtarudisha."

"Bi Mwanajuma yumo ndani, mwalimu."

"Akae chumbani kwake."

"Chumbani kwake kuna mbao zenye nafasi. Ulizichora wewe."

Alivuta pumzi. "Huu ndio mtihani wako wa mwisho. Hawa wageni hawatatoa alama kwa plaiwudi. Fikiri vizuri, binti."

Kutoka nyuma ya ukuta sauti ya Bi Mwanajuma ikauliza, "Nani huyo?"

"Ni mwalimu wa chuo, bi," nikamjibu.

"Mwambie nna eda. Kwani kwao hawafi?"

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na sijuti hata chembe. Wakati wote ule nilikuwa mtu wa kuandika barua na kusubiri kikao. "Fadhili, mama yako yu hai?"

"Yu hai, Bi Tatu. Tusifike huko."

"Basi wapeleke wageni wako kwa mama yako. Wakampige picha yeye akienda msalani!"

Chini dukani walizima redio. Rahma alifungua mkoba wake, akatoa bisibisi, akamnyooshea kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mkubwa kikombe cha kahawa. "Hii hapa, mwalimu. Fungua mwenyewe." Mwalimu Fadhili aliitazama ile bisibisi. Hakuipokea. Akageuka akashuka, tukamsikia akiwaambia wageni kwamba nyumba ina matengenezo.

Rahma alipewa sifuri. Sababu iliyotajwa ni kubadili mradi bila idhini ya idara, na akatakiwa arudie mwaka. Nikaomba kikao. Nilisimama pale nikaeleza tena, la eda, la mbao, la maji, nikawataka wenzangu waseme kama hata mmoja wao angeivumilia nyumba ile kwa mamake. Wengi wenu mlikuwamo. Baadhi yenu mlikwenda msibani kwa miguu yenu, mkazishika zile pembe za mashuka kwa mikono yenu. Mliinamia simu zenu. Mmoja aliniambia baadaye kwenye korido, kwa upole, "Bi Tatu, wewe unastaafu, sisi tunabaki." Nimelifikiria sana neno lile. Nilitegemea walau angeona haya kulitamka.

Kwenye kuniaga mlinipa picha kubwa yenye fremu, nyumba ya mfano ya Mlandege, nyeupe, imejaa mwanga, kama ilivyokuwa kabla ya plaiwudi. Sijui aliyeichagua alikuwa mjinga au mkorofi. Mlipiga makofi, nikaipokea, nikaiweka uvunguni. Rahma hakualikwa. Alikuwa anarudia mwaka, anachora bafu la kioo.

Eda ilipomalizika nilikwenda Mlandege na halua. Bi Mwanajuma alikuwa ameshakoga, kavaa dera jipya, ananukia udi kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Alikaa ukumbini upande wa dirisha, miguu kainyoosha juani. Mtoto wake alikuwa ameshaondoka, kasafiri na meli yake. Rahma alifika jioni ile, kama alivyoahidi, na bisibisi yake mkononi. Akasalimia, akapiga magoti mbele ya ukuta, akaanza skrubu ya chini.

Sabra alitoka jikoni kajifunga kanga, mikono ina unga. Yule Sabra wa picha za simuni. Akamshika Rahma kifundo cha mkono.

"Iwache," alisema. "Na mimi nna mume."

Nilimtazama Bi Mwanajuma, maana mume huyo anayetajwa ni mwanawe wa kumzaa, yuko baharini. Nilidhani atamkemea kwa kumtabiria mwanawe kifo. Bi Mwanajuma aliutazama ukuta ule wa plaiwudi, wenye alama za penseli za Rahma bado.

"Basi upakeni rangi," alisema.